Mota Saba, Bomba Moja

Kazi yangu ni kuandika walichosema,
si walichotaka kusema.
Siku tatu nimekaa nyuma ya wajumbe
katika ukumbi wa baridi jirani na Mtaa wa Mirambo,
shali begani, joto la Machi nimeliacha mlangoni,
naandika: riba, nakisi, akiba ya fedha za kigeni,
na kila nchi inaitetea sarafu yake
kama mama wa mtoto aliyevunja kioo cha watu.

Mjumbe wa kwanza alisema: tulishusha thamani kidogo tu,
mahindi yetu yapate soko.
Wa pili akajibu: yalipovuka mpaka hayo mahindi
wakulima wetu walilala na magunia yao,
ndipo nasi tukashusha.
Wa tatu hakusema kushusha. Alisema kurekebisha.
Nikaandika kurekebisha.
Wa nne alikuwa amepandisha riba, dola zisimkimbie;
zikawakimbia wenzake, zikaja kwake,
zikakaa msimu mmoja, zikaondoka,
maana dola ni mgeni asiyevua viatu.

Mimi naishi Tabata Kisiwani.
Uchochoro wetu una nyumba nane na bomba moja.
Zamani maji yalikuja Jumanne usiku, kwa hiari yake,
membamba, lakini yalifika
hadi kwa Bi Mashavu, nyumba ya mwisho.
Kisha Mndeme akanunua mota.
Hakuwa na nia mbaya, mkewe alijifungua mapacha.
Mota ikavuta, simtanki likajaa,
na koki ya jirani yake ikakohoa.
Jirani akanunua mota.
Mama Kokugonza akanunua kubwa zaidi.
Sisi tulikopa Saccos.

Sasa Jumanne usiku uchochoro wote unanguruma,
mota saba kwa mpigo,
uniti za LUKU zinayeyuka kama barafu ya mia,
na ndani ya bomba ni upepo mtupu,
upepo unaofyonza tope la mtaro kupitia nyufa.
Umeme wa nyumba saba kwa ndoo nne za maji mekundu.
Wala hakuna mjinga pale.
Kila mmoja alipiga hesabu yake
na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Siku ya pili nilitaka kuinua mkono niwaeleze.
Mwandishi hainui mkono.

Siku ya tatu walifika kwenye tamko.
Saa mbili nzima waligombea neno moja.
*Zitaacha* ikawa *zitajitahidi kuacha*,
halafu, baada ya chai na sambusa,
*zitajitahidi kuacha, pale hali itakaporuhusu.*
Wakapiga makofi.
Yule wa kurekebisha alikuja kuniazima chaja,
akaniuliza chinichini: unadhani wataacha?
Nikamtazama.
Alikuwa amesema *wataacha*.

Jumapili tulikutana barazani kwa Bi Mashavu,
asiye na mota, asiye na cha kuzima,
ndiyo maana tulimpa daftari alishike.
Mama Kokugonza alitaka tuanze mwezi ujao.
Mndeme aliuliza, nani atahakikisha?
Hakuna aliyemjibu, hata hivyo alitia sahihi.
Kalamu ilikuwa yangu.
Nikaandika *tutazima*, nukta,
wala sikumsomea mtu kwa sauti
asije akaniomba niongeze neno.

Leo Jumanne. Saa tano usiku.
Nimezima yetu.
Naihesabu mitaa ya kelele ikipungua:
kwa Mndeme kimya. Kwa Mama Kokugonza kimya.
Ya nne. Ya tano. Ya sita.
Moja bado, mbali kidogo, kama mbu nje ya chandarua,
na gizani siwezi kujua ni ya nani.
Kidole changu hakijatoka kwenye swichi.

Kutoka nyumba ya mwisho
nasikia ndoo tupu
ikiburutwa chini ya koki.